Makucha ya loda ya trekta: oili uichukue wapi?

Makucha yenyewe, yale meno ya chuma yanayofunga juu ya baketi ya loda ili kushika mzigo, si tatizo. Fundi mzuri wa kuchomelea anayaunda, silinda zinauzwa, na ukizunguka Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hutakosa mtu aliyekwisha kuunda kitu cha namna hiyo. Kinachokwamisha ni hatua inayofuata: silinda ile ipate oili kutoka wapi, na dereva aifungue na kuifunga kwa mkono upi. Loda ya kawaida ina kazi mbili tu, kunyanyua na kushusha mikono, halafu kukunja na kumwaga baketi. Makucha ni kazi ya tatu, na matrekta mengi tunayolimia hayakuja na njia ya tatu kule mbele.

Njia za kuipata ni kadhaa, na wauzaji huzitaja kana kwamba tofauti yake ni bei tu. Mimi nazipima kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga na kupakia magogo ya paini na milingoti (mikaratusi) kwenye yadi ndogo za mbao za Mafinga. Ya pili ni kukusanya mathenge yaliyong'olewa Baringo, ambako mti huo uliletwa miaka ya 1980 na sasa umefunga malisho ya watu. Gogo ni zito na linaviringika. Mathenge ni mepesi lakini yana miiba inayotoboa tairi, sembuse hozi. Kifaa kinachofaa Mafinga kinaweza kukusumbua Baringo.

Kwanza tuondoe hofu ya nguvu. Silinda ya kipenyo cha milimita 50 yenye mwendo wa milimita 250 inajaa kwa takriban nusu lita ya oili. Zikiwa mbili ni lita moja. Pampu ikileta lita 20 kwa dakika, kiasi ambacho matrekta mengi ya nguvu farasi 50 na kuendelea yanakizidi, makucha yanafunga ndani ya sekunde tatu. Kwa presha ya bar 170, kila silinda inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 3,400. Hiyo inatosha kupinda vidole vya makucha yenyewe kama chuma ni chembamba. Kwa hiyo usikubali kuuziwa mfumo wa gharama kwa maneno kwamba "unabana zaidi". Presha ni ileile ya pampu, popote utakapoichukulia.

Tofauti ya kweli iko kwenye mkono wa dereva. Tazama mtu anavyookota gogo: anashusha, anasukuma mbele kidogo, anafunga makucha, na papo hapo anakunja ili gogo lilale ndani kabla halijateleza. Kufunga na kukunja ni tendo moja lililounganika. Kila njia nitakayoitaja hapa chini ama inaliacha liunganike, ama inalikata vipande viwili.

Anza kwa kulikagua trekta lako

Kuna matrekta ambayo yanakufungia mlango mapema. Massey Ferguson 135 na 240 yana pampu ya pistoni iliyozama ndani ya oili ya gia, inayozungushwa na shafti ya PTO, ile ya kuendeshea vifaa vya nyuma. Pampu ile iliundwa kwa ajili ya mikono ya nyuma ya kunyanyulia plau. Hutoa oili chache, chini ya lita 20 kwa dakika, na leva ya PTO isipoingizwa haifanyi kazi kabisa. Ukikanyaga klachi hadi mwisho inasimama. Ndiyo maana loda nyingi za zamani za matrekta ya aina hiyo zilifungwa na pampu yake pembeni, mbele ya krenki. Kama trekta lako ni la hivyo, oili ya makucha itoke kwenye pampu ya loda, na nusu ya mjadala huu umekwisha kwako.

Jambo la pili linalowapotosha watu ni bomba la tela la tipa. Mtu anaona mdomo wa haidroliki nyuma, anasema "njia ninayo". Mingi ya midomo hiyo ni ya upande mmoja: inasukuma oili kunyanyua bodi la tela, na uzito wa bodi ndio unaoirudisha. Makucha yanahitaji oili ya kufunga na oili ya kufungua, yaani hozi mbili na spuli (kipande cha ndani ya valvu kinachosogezwa na leva) inayosukuma pande zote mbili. Matrekta yetu mengi yalinunuliwa kwa ajili ya plau ya sahani, haro na tela, na kazi hizo hazihitaji jozi kamili ya kapla, yaani midomo ya kuchomekea hozi, nyuma. Hesabu kapla zako, na umwombe fundi athibitishe kwamba zinafanya kazi pande zote mbili.

La tatu ni aina ya mfumo. Matrekta mengi ya kawaida yana pampu ya gia isiyoacha kusukuma: usipogusa leva, oili inapita katikati ya valvu na kurudi kwenye tangi bila presha. Huo ndio mfumo wa wazi. Mengine, kama John Deere 4020 ya miaka ya 1960 na makubwa mengi ya kisasa, yana pampu inayojipunguza yenyewe pasipo na kazi, na valvu zake huziba njia ya katikati. Huo ni mfumo wa kufunga. Valvu ya mfumo wa kwanza ikifungwa kwenye trekta la mfumo wa pili, oili inapata njia ya kukimbilia tangini muda wote, na pampu inajitahidi kutwa nzima bila sababu. Trekta litachemsha oili na utaanza kulaumu makucha. Taja modeli kamili ya trekta kabla ya kulipia valvu yoyote.

Kapla za nyuma

Kama una jozi ya kapla nyuma na huitumii loda ikiwa kazini, hapa ndipo pa kuanzia. Unanunua hozi mbili ndefu, unazipitisha chini ya trekta au ubavuni kando ya fremu ya loda, unafunga kapla mbele, umemaliza. Hakuna waya, hakuna valvu mpya, hakuna kugusa mabomba ya trekta. Siku ukiuza trekta unazing'oa na kubaki nazo.

Gharama yake unailipa kwa mkono. Leva ya kapla za nyuma iko kuliani kwa dereva, mara nyingi nyuma kidogo ya kiti. Joistiki ya loda nayo iko kulia. Mkono mmoja hauwezi kushika vyote viwili, na wa kushoto uko kwenye usukani. Kwa hiyo dereva anasukuma, anaachia joistiki, anashika leva ya nyuma, anafunga makucha, anaiachia, anarudi kukunja. Gogo lililokaa sawa litakuvumilia. Gogo la duara lililo juu ya lundo halitakusubiri.

Kuna kingine. Kwenye matrekta mengi ya mfumo wa wazi, oili hupita kwanza kwenye valvu ya loda ndipo ifike nyuma. Ukiivuta joistiki mpaka mwisho kunyanyua mzigo mzito, kapla za nyuma zinakosa oili, na makucha yanagoma hadi ulegeze. Dereva akishaijua tabia hiyo anaizoea, ila lazima aambiwe mapema.

Na uangalie kama leva ya nyuma inang'ang'ania ukiisukuma. Baadhi zimetengenezwa zibaki mbele zenyewe, kwa ajili ya mota za haidroliki. Kwa makucha hiyo ni hatari kwa pampu: makucha yameshafunga, leva bado iko mbele, oili yote inapita kwenye valvu ya usalama kwa presha ya juu na kuchemka. Unataka leva inayorudi katikati unapoiachia.

Kwa mathenge, mimi ningetumia kapla za nyuma bila wasiwasi. Lundo la matawi ya mathenge haliviringiki. Dereva analisukuma, linajazana, anafunga, ananyanyua. Sekunde mbili za kuhamisha mkono hazimpotezei kitu. Kinachompotezea ni hozi kutobolewa tumboni mwa trekta. Zipitishe juu ya ekseli ya mbele na si chini yake, zivishe mpira mnene au kipande cha bomba la chuma pale zinapoelekeana na matawi, na usiache kitanzi kinachoning'inia.

Valvu ya kugeuza njia

Hii ni valvu ndogo ya umeme inayofungwa kwenye mikono ya loda, karibu na baketi. Inakatiza mabomba mawili ya kukunja na kumwaga. Isipopata umeme, oili inapita kama kawaida kwenda kwenye silinda za baketi. Ukibonyeza kitufe kwenye joistiki, oili ileile inageuziwa makucha: ukisogeza joistiki kushoto yanafunga, kulia yanafungua, au kinyume chake kulingana na ulivyounga hozi.

Uzuri wake ni mwingi. Mkono hautoki kwenye joistiki. Hozi ni fupi kwa sababu valvu iko kulekule mbele. Hugusi mfumo wa trekta hata kidogo, kwa hiyo swali la mfumo wa wazi au wa kufunga halikuhusu. Valvu ya loda ndiyo inayosimamia kila kitu. Umeme wa volti 12 unaohitajika ni wa koili moja, ampea tatu hivi, fyuzi na waya mmoja wa kwenda mbele. Waya ukikatika, loda inaendelea kufanya kazi ya baketi kama zamani na makucha yanabaki yalivyokuwa. Na kwa kuwa joistiki ndiyo inayopima oili, unaweza kufunga makucha taratibu, jambo ambalo vitufe vya umeme vya bei nafuu havikupi.

Ila inakata lile tendo. Kitufe kikiwa kimebonyezwa, baketi haikunji wala haimwagi. Ni makucha au baketi, kamwe si vyote. Dereva mwepesi anabonyeza na kuachia haraka kiasi kwamba huoni mkatiko, na kwa mizigo mingi hutajali. Kwenye gogo zito lenye tope utaona: unafunga, gogo linateleza, unataka kukunja papo hapo, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Kosa linalojirudia kwa madereva wapya ni kusahau kidole. Anadhani anakunja baketi, kumbe anafungua makucha na gogo liko juu. Kwa sababu hiyo nashauri uunge hozi ili mwendo wa joistiki wa kukunja ndio pia unaofunga makucha. Akikosea kidole akiwa anakunja, angalau atabana zaidi badala ya kuachia.

Valvu ya tatu

Hapa unaongeza valvu kamili ya umeme kwenye njia kuu ya oili, kabla au baada ya valvu ya loda, na vitufe viwili kwenye joistiki: kimoja cha kufunga, kingine cha kufungua. Makucha yanapata njia yake. Silinda za baketi haziguswi.

Wauzaji husema utafanya kazi zote kwa wakati mmoja. Kwenye trekta la pampu moja ya gia hilo ni kweli kwa sehemu tu. Oili ni moja, na njia ya mbele ndiyo inayotangulia kunywa. Valvu ya tatu ikifungwa kabla ya loda, ukibonyeza kitufe makucha yanachukua oili na loda inasubiri kwa muda huo. Ikifungwa baada yake, loda ikivutwa mpaka mwisho makucha yanasubiri. Lakini kwa kuwa makucha yanahitaji lita moja tu, kusubiriana huko ni kwa sekunde chache, na dereva hahitaji kubadili chochote kichwani. Kidole gumba kinafunga, kiganja kinakunja. Lile tendo linabaki zima. Kwa yadi ya magogo inayopakia malori kila siku, hakuna njia nyingine niliyoiona ikimpa dereva utulivu kama huu.

Bei yake ni kubwa kuliko zote mbili zilizotangulia, na si valvu tu. Unahitaji mabomba ya kuingilia kwenye njia kuu, fitingi zenye nyuzi zinazolingana na trekta lako, bomba la kurudi tangini, na fundi anayeelewa mchoro wa haidroliki wa trekta hilo. Fitingi ndizo zinazochelewesha kazi: matrekta ya Japani, Ulaya na Marekani hayatumii nyuzi za aina moja, na kulazimisha nyuzi zisizoingiana ni kutengeneza uvujaji wa kudumu. Pima, piga picha, peleka sampuli dukani.

Fundi akikuambia ataunga bomba la kurudi mahali popote penye nafasi, msimamishe. Mdomo wa kuendeleza oili kwenda kwenye vifaa vinavyofuata na mdomo wa kurudi tangini ni vitu viwili tofauti. Ukivichanganya, mikono ya nyuma inaweza kukosa oili, au kasha la valvu likapata presha lisiloijengewa na kupasuka. Na valvu ya usalama lazima iwe kabla ya valvu mpya katika mtiririko, ama ndani yake. Hili halina mjadala.

Udhaifu mwingine wa valvu hizi ni kwamba nyingi ni za wazi-au-funga. Ukibonyeza, oili yote inakwenda. Makucha yanapiga kwa nguvu. Kwa magogo si neno, lakini kama unashika nguzo za ua, marobota ya nyasi au kitu kinachopondeka, omba valvu yenye kizuizi cha kupunguza oili, au funga kizuizi hicho kwenye hozi ya makucha.

Nyingine, kwa ufupi

Valvu ya mkono yenye spuli tatu badala ya mbili inafanya kazi vizuri na haina umeme wa kuharibika. Kama loda yako inanunuliwa mpya, uliza hii kabla ya kitu kingine. Kuongeza spuli wakati wa kuagiza ni rahisi kuliko kuja kukata mabomba baadaye. Leva ya tatu inakuwa kando ya joistiki, kwa hiyo mkono unasogea sentimita chache tu. Kwa mtu aliye mbali na fundi wa umeme, ningeipendelea kuliko vitufe.

Pampu ya kufungwa kwenye PTO, yenye gia ya kuongeza mwendo, tangi na filta yake, ni jibu kwa trekta lisilo na njia yoyote. Oili yake haichanganyiki na ya giaboksi, na tangi lililojaa nyuma linasaidia kusawazisha uzito wa loda. Lakini PTO inakuwa imeshikwa, injini lazima izunguke kwa kasi ya kutosha, na tangi likiwa dogo oili inachemka kwenye jua la saa nane. Mafundi wengi hukadiria tangi lenye lita zinazokaribia zile ambazo pampu inatoa kwa dakika moja.

Pampu ya betri, kama zile za kufungulia mlango wa nyuma wa lori, nisingeifunga kwenye trekta la kazi. Mota ya kilowati mbili kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 160, na alteneta ya trekta dogo haikaribii hapo. Inafaa kwa anayefunga makucha mara chache kwa siku. Anayepakia lori atamaliza betri kabla halijajaa.

Hozi, na kitu cha kushikilia mzigo

Njia yoyote utakayochagua, usibane matumizi kwenye hozi. Ya nusu inchi yenye waya safu moja, inayoandikwa 1SN, imekadiriwa bar 160. Ya safu mbili, 2SN, ni bar 275. Trekta lenye presha ya bar 180 linaivuka ya kwanza kila unapobana. Kwa makucha hata hozi ya robo tatu ya hiyo, yaani tatu kwa nane ya inchi, inatosha kwa wingi wa oili, na ya 2SN ya saizi hiyo inafika bar 330. Ni nyembamba, inapinda vizuri, na inajificha kirahisi nyuma ya chuma.

Halafu valvu ya kukaba, ile inayozuia oili isitoke kwenye silinda mpaka upande wa pili upate presha. Spuli zote huvuja kidogo, na za kapla za nyuma huvuja zaidi zikizeeka. Makucha yaliyofungwa kwa nguvu asubuhi yanalegea taratibu trekta likiwa linatembea kwenye makorongo. Hozi ikipasuka gogo likiwa juu, valvu hii iliyofungwa moja kwa moja kwenye silinda ndiyo inayobaki imeshika. Kuna wauzaji wanaoiuza kama nyongeza. Kwa magogo mimi naihesabu kama sehemu ya makucha.

Ningechagua nini

Kwa Baringo na kazi zote za matawi, magugu na mabaki ya shamba: kapla za nyuma kama zipo na zinasukuma pande mbili. Kama hazipo, valvu ya kugeuza njia. Pesa iliyobaki iende kwenye kinga ya hozi na tairi.

Kwa yadi ya Mafinga inayofanya kazi kila siku: valvu ya tatu, au spuli tatu za mkono kama loda bado haijanunuliwa. Kama fedha hazitoshi, valvu ya kugeuza njia ifungwe pamoja na valvu ya kukaba, na dereva apewe muda wa kuizoea kwa magogo mepesi ya chini kabla ya kuruhusiwa kupanda juu ya lundo. Kapla za nyuma kwa magogo ningezikubali kwa muda tu, na si kwa trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva, kwa maana gogo linaloponyoka juu huteremka kwenye mikono ya loda kuelekea kwenye usukani.

Siku ya kwanza baada ya kufunga, fungua na ufunge makucha bila mzigo mpaka hewa iishe kwenye mabomba, kisha pima oili upya kwa sababu hozi na silinda mpya zimeinywa. Fanya kazi nyepesi, zima injini, sogeza leva zote kutoa presha, ndipo ukaze fitingi. Uvujaji utafute kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa vidole: oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo hupenya ngozi, na kijeraha kinachoonekana kama kudungwa na mwiba ni cha kukimbizwa hospitali saa ileile.